Niliyemwokota Kando ya Njia

Waliniambia nisigeuke nyuma. Hilo ndilo sharti walilolitilia mkazo, mama mkwe wa mwanamke mmoja wa pale na jirani yake, alasiri ile walipokuja dukani kwangu kuniomba nikamwokote mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa.

Niseme kwanza mimi ni nani katika habari hii, maana sura yangu na mavazi yangu ndivyo vilivyonitia ndani yake. Babu yangu alikuwa Mwislamu wa biashara kutoka pwani ya bahari. Alifika huku kwenye ufuo wa ziwa akiwa na marobota ya nguo na magunia ya chumvi, akapapenda, akafia huku. Duka lake likawa la baba, kisha likawa langu mimi na mume wangu, katika kituo kidogo cha wavuvi kati ya Karungu na Muhuru Bay. Nilikua nikisema Kiluo uani na watoto wenzangu na Kiswahili jikoni na mama yangu. Lakini kwa watu wa pale nilibaki kuwa mama wa duka, yule Mswahili, mtu wa kuja. Kaburi la babu yangu lilikuwa limeshaota mti na bado mimi nilikuwa mgeni. Sikuwahi kulizoea jambo hilo, na wanaosema nililizoea hawanijui.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini watoto wachanga walikuwa wakifa sana kwenye ufuo ule. Hawakuwa wakifa kwa kelele. Wavuvi walipozama watu walilia, ng'ombe wakakimbizwa kufukuza kifo, ngoma zikapigwa. Mtoto wa miezi mitatu alizikwa na nyanya wachache mchana, wanaume wakiwa ziwani au wamelala, na kesho yake mama yake ungemkuta ameinama kwenye nyavu akianika omena, wale dagaa wa ziwa, kama kawaida. Ungempa pole kwa jambo gani, wakati yeye mwenyewe hakusema amepoteza kitu?

Tulikuwa kikundi cha akina mama, wengi wao wauza samaki, tuliojitolea kwenda boma hadi boma. Tulisema kitovu kikatwe kwa wembe mpya. Tulisema kisipakwe jivu wala kinyesi cha ng'ombe. Tulifundisha maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na tulisisitiza chanjo mpaka makoo yakatukauka. Mimi nilifanywa msemaji kwa sababu sikuwa na haya na nilijua kuzungumza na maofisa. Kazi ilikuwa ngumu kwa namna ambayo hakuna aliyetuonya. Tuliingia boma, tukakaribishwa viti, tukaulizia watoto, na papo hapo boma zima likanyamaza. Hata kuku walionekana kusikiliza. Ukiuliza mama ana watoto wangapi, alitazama kando akajibu, "Wapo." Watoto hawahesabiwi pale. Ukiwahesabu, kuna anayesikia hesabu.

Ofisini nako tulisikia mengine. Mara nyingi tulipopeleka malalamiko, mkubwa fulani alitueleza kwa upole kwamba watu wa ziwa wanawaua watoto wao wenyewe kwa mila. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilijua jambo moja ambalo yeye hakulitaja. Watoto wetu sisi wa madukani hawakufa. Tulikunywa maji ya ziwa lilelile na tuliumwa na mbu walewale. Wangu walipofikia siku ya sindano na zahanati yetu haina dawa, nilipanda gari nikaenda nao Homa Bay au Migori nikarudi jioni. Mwanamke wa omena aliambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, akaambiwa tena. Hiyo haikuwa mila ya ukoo wowote ninaoujua.

Sasa huyo mwanamke. Alikuwa jirani yetu, mdogo kwangu kwa miaka, mwembamba, mwenye kicheko ambacho ungekisikia kutoka mwaloni zinakopakuliwa mashua hadi dukani. Aliolewa akiwa bado msichana, na tangu hapo alikuwa akizaa na kuzika. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kipande cha ardhi kilichosawazishwa vizuri kuliko ua wenyewe. Hapakuwa na alama yoyote. Nilipita hapo mara nyingi nikielekea chooni kwao, na kila mara nilijikuta nikipunguza mwendo na kushusha sauti, ingawa nilikuwa peke yangu.

Aliposhika mimba nyingine, kicheko kilikatika. Hakuna aliyeitaja mimba hiyo. Tumbo lilikua mbele ya macho yetu na sote tukazungumzia bei ya samaki. Ndipo mama mkwe wake akaja dukani na jirani yake, wakakaa kwenye gunia la mchele, wakakataa chai, wakanieleza wanachotaka.

Mama ambaye watoto wake hawakai, walisema, kuna kitu kimeshaujua mlango wake. Kinakuja moja kwa moja bila kuuliza njia. Kwa hiyo mtoto anapozaliwa hutolewa nje akiwa mbichi, akatupwa kando ya njia palipo na takataka, kama kitu kisichotakiwa na mtu. Kisha anapita mwanamke mwingine, wa ukoo mwingine, anamwokota. Mtoto anakuwa wa aliyemwokota. Mama mzazi anamnyonyesha kwa niaba ya huyo mwenyewe tu, kama yaya, hadi hatari ipite na mwenyewe akubali kumrudisha. Watu wazima wengi wa pale wana jina linalosema walitupwa, na wamezeeka nalo. Kwa kawaida mwokotaji anayeitwa ni mwanamke wa boma la jirani. Safari hii mama mkwe alisema jirani hatoshi, kitu hicho kinakijua Kiluo na kinazijua njia zote za ukoo. Alitaka mtu ambaye hata wafu wake wamelala wakitazama upande mwingine.

Nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ukweli. Mara ya kwanza katika maisha yangu ugeni wangu ulikuwa na kazi.

Kisha nikaona mlango wa kupitishia kazi ya kikundi chetu. Mimi ni mtoto wa muuza duka, siwezi kuletewa kitu nisikiangalie pande zote. Nikawaambia nitamwokota, lakini akishakuwa wangu atakuwa wangu kweli. Kitovu chake kitakatwa kwa wembe nitakaouleta mimi. Atachanjwa, sindano zote, na nitakapotaka kumpeleka mtoto wangu zahanati hakuna atakayenizuia, awe baba au babu. Sitamrudisha hadi apate ya mwisho, ile ya surua ya miezi tisa. Wazee wale wawili wakatazamana. Nadhani hawakuwa wamewahi kuona mtu akijadiliana bei ya jambo kama lile. Mama mkwe akasema, "Mtoto ni yako. Utafanya vile unataka."

Ndipo akaniambia habari ya kutogeuka nyuma.

Wembe mpya niliwapelekea mapema. Waliniita alfajiri, mwanga ukiwa umeshatosha kuona njia. Juu ya ziwa wadudu wadogo wa majini walikuwa wamepanda kwa wingi, nguzo nyeusi zinazosimama angani kama moshi wa nyumba zisizokuwepo, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Nilivaa buibui langu. Mama mkwe alikuwa amesisitiza hilo. Nilipokaribia boma niliona wamo wote uani, baba mtu akichonga mpini, wifi akifagia, jirani akikoka moto, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Mbwa wao, ambaye alinijua na kunibwekea kila siku, alilala akinitazama bila kutoa sauti.

Mtoto alikuwa kwenye ungo, juu ya maganda ya mihogo na majivu, nje kidogo ya lango. Alikuwa wa kike. Hakulia. Macho yalikuwa wazi, meusi, yakitazama ule moshi wa wadudu. Nilikuwa nimejiandaa kuigiza, na nilipomwona hivyo amelala kwenye takataka, baridi, watu wake wote wakimpa mgongo, sikuigiza chochote. Nilimnyakua nikamfunga kifuani ndani ya buibui na nikaanza kutembea.

Nyuma yangu kulikuwa na nyayo. Sisemi kulikuwa na jini. Nasema kulikuwa na nyayo za mtu anayetembea pekupeku kwenye vumbi, kwa mwendo wangu, akisimama niliposimama. Mimi si mtu wa kuamini haya mambo, baba yangu alitulea kwa sala na mizani. Lakini sikugeuka. Nilizunguka boma kama nilivyoelekezwa na nikaingia tena kwa upande wa pili, kama mpita njia. Kwenye vumbi gumu karibu na ghala zile nyayo ziliacha kusikika.

Mama mtu alikuwa ameketi mlangoni mwa nyumba yake, ameoga, amejifunga leso safi, kama mtu ambaye hakuwa amezaa usiku ule. Aliniangalia kama hanijui. Na hapo alifanya jambo ambalo halikuwa katika maelezo ya wazee. Alizungumza nami Kiswahili. Miaka yote tulikuwa tumesema Kiluo mimi na yeye, tukitukanana kwa mzaha, tukisengenya watu. Sasa alifungua mdomo kikatoka Kiswahili cha sokoni, kile cha kuongea na wageni.

"Mama, umebeba nini hiyo?"

"Mtoto. Nimemwokota njiani. Ametupwa."

"Ni ya nani?"

"Ni wangu."

Alinyoosha mikono. "Basi leta nikunyonyeshee. Mimi niko na maziwa, na sina mtoto."

Nilimpa. Mtoto alishika ziwa mara moja, kwa nguvu, na mama alitazama juu ya kichwa chake, mbali, kwenye lango.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi ile. Aliniita min nyathi, mama wa mtoto, na hakuniita kitu kingine tena. Mtoto alisemeshwa Kiswahili tu. Mama alimwogesha kwa Kiswahili na kumlaza kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye mwenyewe aliijua nusu, na alipokosa neno alinyamaza kuliko kutumia lake. Hakumsifu. Hakumwita kwa jina, alisema "mtoto ya mama wa duka". Wakati mwingine nilifika kwao mchana nikamkuta amesimama mlangoni akizungumza kwa sauti na ua mtupu, kwa upole kabisa, kama anavyosemeshwa mgeni aliyepotea njia. Alimwambia huyo asiyeonekana kwamba hapa hakuna mtoto. Alimwambia huyu aliyelala ni wa Waswahili, aende akaulize dukani.

Aende akaulize dukani! Mume wangu aliposikia hivyo aliniuliza kama nimeelewa nimejitwika nini. Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nimeelewa.

Lakini jamani, mpango ulifanya kazi. Mtoto alinenepa. Nilimpeleka zahanati mwenyewe, na muuguzi alipouliza mama yake ni nani nilijibu ni mimi, akautazama uso wangu na wa mtoto, akacheka, akachoma sindano. Zahanati ilipokosa dawa nilimfunga mgongoni nikaenda naye Homa Bay kama nilivyowapeleka wangu. Wanawake wengine wakaona. Mmoja wa mtaa wa juu akaniomba nimwokote wake, na mwenzangu wa kikundi akaombwa na wifi yake, na masharti yetu yakawa yaleyale. Mila ambayo maofisa walikuwa wakituambia inaua, ilikuwa ikijaza benchi la zahanati. Nilijiona mjanja sana. Na nilimpenda yule mtoto. Sikuwa nimepanga hilo. Alikuwa na tabia ya kushika kidole changu cha shahada na kukivuta polepole hadi mdomoni huku akinitazama, kama anayejaribu kama nitakubali.

Alikuwa anakaribia miezi tisa mwanamke mmoja alipoingia dukani. Ilikuwa saa ya jua kali, mtoto amelala mgongoni kwangu. Aliomba chumvi. Alikuwa mtu mzima, miguu yake imejaa vumbi jeupe, na alinitazama mgongoni zaidi ya alivyonitazama usoni. Akasema kwa Kiluo, taratibu, kwamba huyo ana macho ya kwao. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni wangu. Alitabasamu akatoka bila chumvi yake. Wanawake wa omena walikuwa wamekaa barazani kwangu tangu asubuhi, mlango ni mmoja, na nilipowauliza yule mama ametoka wapi, walisema hakuna mtu aliyepita. Labda walikuwa wakibishana bei. Watu wakibishana bei hata tembo anaweza kupita. Nilijiambia hivyo na ninajiambia hivyo hadi leo.

Kisha friji ya zahanati ikazima. Ilikuwa ikitumia gesi, na mtungi uliisha. Muuguzi aliandika kuomba mwingine, lakini wilaya ilikuwa imegawanywa, na ofisi moja ilisema zahanati yetu si yao tena, na ya pili ikasema bado haijakabidhiwa. Kwa hiyo friji ikakaa na mlango wazi, na ndani yake muuguzi akaweka viatu vyake visilowe. Mvua zilikuwa zimeanza. Barabara ya Homa Bay ilikatika ng'ambo ya Magunga, na upande wa Migori mto ulikuwa umefunika daraja. Wiki ambayo mtoto wangu alitimiza miezi tisa hapakuwa na sindano ya surua kwenye ufuo wote, wala njia ya kuifuata.

Nilikwenda zahanati kila asubuhi. Nilimgombeza muuguzi ambaye hakuwa na kosa. Tulimtuma mvuvi kwa mashua na barua ya kikundi, akarudi na jibu kwamba ombi linashughulikiwa.

Surua ilikuja kutoka mwaloni. Ilianza na watoto wa wavuvi waliohamia, ikapanda kilima nyumba kwa nyumba, na kila nyumba iliyoingia ilifunga mlango. Soko lilipungua. Ungepita njiani mchana usisikie mtoto akilia popote, na huo ukimya ndio ulioniogopesha kuliko kilio. Mtoto wangu alishikwa homa siku ya soko. Macho yakawa mekundu, akakataa ziwa, vipele vikatoka nyuma ya masikio vikateremka. Kifua kikaanza kubana. Nilikaa naye nyumbani kwa mama yake, tukibadilishana mikono, tukimpangusa, tukimtia maji kwa kijiko. Muuguzi alitoa alichokuwa nacho. Hata wakati ule, mtoto akihema kama mtu anayepanda mlima, mama aliendelea na Kiswahili chake. "Mtoto ya mama wa duka, kunywa. Kunywa, mgeni."

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, akiwa mikononi mwangu.

Mama yake alinitazama nikimtazama. Nilingoja alie. Nilitaka alie ili na mimi niweze kulia. Akainuka, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Pole, min nyathi. Pole kwa kupoteza mtoto."

Nilielewa hapo mila ile ilikuwa ya nini hasa. Wazee walijua, tangu mwanzo, kwamba huenda haikizuii kile kitu kuingia. Lakini kikiingia, hakimkuti mama yule nyumbani. Aliyepoteza mtoto ni mimi.

Nilileta bafta nyeupe ya sanda kutoka dukani. Nyanya walimzika nyuma ya nyumba, kwenye ile ardhi iliyosawazishwa, kwa ruhusa yangu, maana waliniomba ruhusa. Mama mtu hakuja kaburini. Alikuwa jikoni akisonga ugali. Alinitengea, akanikaangia samaki, akaninawisha mikono, akakaa mbele yangu kuhakikisha ninakula, kama anavyolishwa mfiwa. Maziwa yalikuwa yamelowesha leso yake kifuani, na yeye hakuyatazama. Nilikula. Sijui niliwezaje, lakini nilikula chote.

Surua ilipopungua, chifu aliita baraza, na ofisa wa tarafa akaja. Watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi ya chifu. Ofisa alizungumza juu ya usafi, juu ya vyoo, halafu akafika pale nilipojua atafika, kwenye mila zinazorudisha watu nyuma. Akasema amepokea barua za kikundi fulani zinazodai watoto wengi wamekufa kwa kukosa dawa. Akauliza nani hapa amepoteza mtoto, asimame.

Hakuna aliyesimama. Nilitazama zile nyuso, mama baada ya mama, na wengine nilikuwa nimewasaidia kupangusa maiti wiki chache kabla. Walitazama miguu yao. Uwanja ulikuwa kimya kama yale maboma tuliyoyatembelea. Kwa hiyo nikasimama mimi.

Nilisema nimepoteza binti wa miezi tisa kwa surua, kwamba friji ilikuwa na viatu ndani, na kwamba huo mtungi wa gesi haukuwa mila ya mtu. Nilisema vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo nikiwa kitandani.

Ofisa alinisikiliza akitabasamu kidogo. Chifu akamnong'oneza. Ndipo akasema, "Mama, wewe ni wa dukani. Nyinyi watoto yenu iko sawa, tunajua. Wacha wenyewe waseme." Akangoja. Akafungua mikono. "Naona wenyewe hawana shida." Akaanza kukusanya karatasi zake.

Sijapata kuchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, na kilichoniuma zaidi ni kwamba uwanja mzima ulijua anasema uongo na ulijua anasema kweli.

Kuna aliyesimama nyuma kabisa, karibu na uzio. Mwanzoni niliona leso tu. Alikuwa amekonda. Hakwenda mbele na hakusema Kiswahili.

"Nyathina," alisema. Mtoto wangu.

Watu waligeuka. Mama mkwe wake alimshika mkono amkalishe, akautoa mkono. Akasema huyo aliyetajwa na mama wa duka alikuwa wake, yeye ndiye aliyemzaa, na alikuwa na jina. Akalitaja. Sikuwa nimewahi kulisikia. Miezi tisa nilimbeba mtoto yule mgongoni na alikuwa na jina, mama yake alikuwa nalo moyoni muda wote. Kisha akawataja waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao, hadharani, mchana, na baada ya kila jina alirudia lile neno moja. Karibu nami mwanamke aliwavuta wanawe akawafunika masikio. Upepo uliokuwa ukitikisa bendera ya chifu ulikuwa umetulia. Ofisa alimuuliza chifu anasema nini, na chifu, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, hakuweza kutafsiri.

Mwingine akasimama. Kisha mwingine. Hawakulia, walitaja tu, na majina yalipishana angani hadi usingejua lipi ni la nani. Ofisa alikaa chini. Gesi ililetwa kabla mwezi haujaisha, na gari la chanjo likaanza kufika hadi mwaloni, na nimesikia watu wakisema ni juhudi za kikundi chetu. Mimi nilikuwepo, najua ni juhudi za nani.

Baraza lilipokwisha nilimkimbilia njiani. Alikuwa anatembea haraka na kifua kikimpanda na kushuka, na nilijua kilio kinakuja, vilio vyote vya miaka yote. Nikamshika kiwiko nimsindikize. Nilitaka tulie pamoja. Nilikuwa nimengoja hilo tangu asubuhi ile ya pole.

Alisimama akanitazama, kwa upendo, nina hakika ilikuwa kwa upendo. Akaniambia kwa Kiluo, "Nenda nyumbani, mama wa duka. Huyu ni wangu, niache nimlilie."

Nikaenda. Nilisikia sauti yake ikipanda nyuma yangu na wanawake wakikimbia kuelekea kwake kutoka kila upande, kama ipasavyo kwa mfiwa. Niliona wivu, Mungu anisamehe, wivu wa mtu aliyenyang'anywa kaburi. Nilifungua duka, nikawapimia watu sukari hadi magharibi, na hakuna hata mmoja aliyenipa pole.